Baraza la Kabla ya Kunawa

Wanaopenda ramani wasijisumbue kuitafuta nchi hii. Mimi nimeshapekua, sikuiona, na hata ningeiona nisingewaonyesha, maana nina watoto. Itoshe kusema ni nchi yenye ukarimu uliopindukia. Mkuu wake haitwi rais wala mfalme. Anaitwa Mwenye Nyumba. Nchi nzima ni nyumba yake, na wananchi wote ni wageni wake, hata wale ambao babu zao walizikwa humo humo.

Mahali pengine adabu za mgeni hufundishwa na bibi jikoni, na mtoto asiyezishika huambulia kofi. Huku zimeandikwa kwenye Katiba, sura ya kwanza. Mgeni haondoki kabla hajala. Watu wakiwa juu ya sinia hawazungumzi mambo mazito. Aliyekula hainuki wala haagi mpaka aletewe maji ya kunawa, na anayeita maji hayo yaletwe ni mwenye nyumba, si mwingine. Ndiyo maana nchi hii haina magereza mengi, na wageni kutoka nje hulisifu sana jambo hilo.

Basi Mwenye Nyumba alisafiri kwenda kwenye mkutano wa wakuu wenzake, akarudi amenuna. Kule kila mkuu alikuwa na mtu wake aliyeketi nyuma. Mkuu akiulizwa swali, yule mtu huinama akamnong'oneza, mkuu akatikisa kichwa kama aliyekumbuka kitu, kisha akajibu. Nyuma ya Mwenye Nyumba lilikuwako koti lake tu, limetundikwa kitini. Jirani yake wa kushoto akamuuliza kwa upole, "Na wako yuko wapi?" Ikabidi aseme anaumwa.

Kusema kweli aliwahi kuwa naye. Mshauri huyo alimshauri mara moja tu, kwamba si vizuri kujenga daraja mahali pasipo na mto. Sasa hivi ni balozi katika nchi ambayo wizara bado inaitafuta. Tangu hapo cheo kile kilikaa wazi, kwa kukosa waombaji. Lakini Mwenye Nyumba hakusahau lile swali la jirani, na aliposhuka tu kwenye ndege alitangaza kwamba anataka Baraza la Ushauri, kubwa kuliko la mtu yeyote aliyemwona kule.

Kazi ya kulibuni baraza hilo ikamwangukia Bwana Kitojo.

Bwana Kitojo alikuwa mwandishi wa sheria katika Halmashauri ya Mji. Sheria ya kuzuia mbuzi kulala stendi aliiandika yeye. Alikuwa mtu mwembamba, mwoga kiasi, mwenye binti mmoja aitwaye Mwanahawa, na binti huyo alikuwa anaolewa Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Jumatatu asubuhi gari jeusi likasimama mlangoni pake. Mkewe, Bi Mwanaisha, alikuwa uani anachambua mchele wa harusi.

"Wanasema wananiita kunywa kahawa," Bwana Kitojo akamwambia.

Bi Mwanaisha hakuinua macho kwenye ungo. "Kahawa ya wapi?"

"Nyumba Kuu."

Ungo ukasimama. "Baba Mwanahawa, wewe ndiye walii. Huna ndugu wa kiume, baba yako hayupo. Ukikosekana Ijumaa, sheikh hafungi ndoa."

"Kahawa tu, mke wangu. Kikombe kimoja."

"Usile huko," akasema Bi Mwanaisha. "Chochote watakachokupa, sema umefunga."

Ulikuwa ushauri mzuri, na kama kuna mtu alistahili kuingizwa barazani ni huyo mama. Lakini Bwana Kitojo alipofika alikuta kahawa imeandamana na halua, kashata na visheti, na mhudumu amesimama na trei mkononi huku akitabasamu, na mkono ukaenda wenyewe.

*

Aliyempokea alikuwa Waziri wa Adabu, Mheshimiwa Bi Siwatu. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, na kila aendapo alifuatwa na mtu aliyebeba birika la shaba na beseni lake. Watu wa nchi ile waliliogopa birika lile kuliko bunduki.

"Karibu, mwanangu, jisikie uko nyumbani," Bi Siwatu akasema. "Chumba chako kile pale. Mlango hatuufungi. Sisi si watu wa kufunga wageni milango."

Kweli mlango haukuwa na kufuli. Ulifunguka kwenye ua, ua ulifunguka kwenye bustani, na bustani ilikuwa na geti lililo wazi kabisa, na nje ya geti Bwana Kitojo aliweza kumwona muuza miwa akimenya miwa yake. Angeweza kutembea mpaka pale. Lakini alikuwa amekula visheti viwili, na maji hayakuitwa, na vidole vyake vilinata shira. Mtu aliyeonekana barabarani na vidole vya kunata alikuwa ameikimbia karamu ya mwenyeji wake, na kwa kosa hilo wengine walikuwa bado wanakula mpaka leo, kwenye majengo ambayo si mazuri kama yale.

Akakaa, akaandika. Kusema la haki alifurahi kidogo. Miaka yote ya mbuzi wa stendi, na leo mtu anamwomba abuni kitu kikubwa. Akaandika kwamba baraza litakuwa na wajumbe kumi na wawili waliochaguliwa kwa elimu na uadilifu, na kwamba Mwenye Nyumba atalisikiliza kabla ya kuamua jambo.

Bi Siwatu alisoma akiwa amevaa miwani yake ya dhahabu. Alipofika kwenye neno "kabla" aliivua.

"Kabla, mwanangu? Ina maana Mtukufu atakuwa amekaa hajui la kufanya, anawangoja?"

"Si hivyo, Mheshimiwa. Ni kwamba..."

"Na hawa wajumbe watakuwa wanajua jambo asilolijua yeye?"

Bwana Kitojo akaichukua karatasi yake. Akasema ameelewa, atarekebisha. Bi Siwatu akampapasa bega, akaagiza aletewe sambusa.

Katika rasimu ya pili baraza liliketi baada ya uamuzi, na kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba uamuzi ulikuwa sahihi. Bwana Kitojo aliiona hiyo kuwa salama. Bi Siwatu naye aliipenda, isipokuwa alikuwa na wasiwasi mmoja: tuseme mjumbe mmoja amechelewa kwa foleni za barabarani, je, uamuzi wa Mtukufu utakuwa haujawa sahihi mpaka afike? Wakalizungusha jambo hilo mpaka Jumanne jioni. Walipolikosea njia kabisa, Bi Siwatu akasema heri wamwulize mwenyewe.

*

Mwenye Nyumba aliwapokea barazani kwake, amevaa kanzu ya nyumbani na kandambili. Alikuwa mzee mfupi mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Mawaziri walikuwa wamejipanga ukutani.

"Kitojo," akasema, "mimi nataka ukweli. Hawa," akawanyooshea mkono mawaziri, "kila nikisema wanapiga makofi. Nimechoka na makofi."

Mawaziri wakapiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Mwenye Nyumba alingoja akiangalia kandambili zake. Bwana Kitojo akashangaa kujikuta anamhurumia.

"Kwa mfano," Mwenye Nyumba akaendelea, "ule wimbo wa taifa niliotunga. Hebu niambie wewe. Ni mrefu?"

Wimbo ule ulikuwa na ubeti kwa kila kijiji. Wiki iliyopita Bwana Kitojo aliuimba uwanjani mpaka miguu ikafura, na mama mjamzito aliyesimama mbele yake alipelekwa hospitali kwenye beti za wilaya ya pili, akajifungua, na wimbo haukuwa umekwisha. Akawatazama mawaziri. Wote walikuwa wanaangalia dari, kana kwamba dari nayo imetungwa na Mtukufu.

"Mtukufu," akasema, "unapoimbwa, hakuna hata mtu mmoja anayeondoka uwanjani."

Ilikuwa kweli tupu. Mageti ya uwanja hufungwa.

"Eeh," akasema Mwenye Nyumba taratibu, na uso wake ukarudi kuwa vile ulivyokuwa. "Basi. Nitengenezee baraza la kuniambia ukweli. Watu huru, wasemao bila woga. Lakini nisije nikaaibishwa nyumbani kwangu."

Hayo ndiyo yalikuwa maagizo. Bwana Kitojo alirudi chumbani akikunja na kukunjua karatasi yake. Alimwona tena muuza miwa nje ya geti, anafunga mkokoteni wake na kwenda nyumbani, na aliuonea wivu mkokoteni.

*

Siku ya tatu walimletea jembe. Nadhani msomaji anaijua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nchi ile methali hutekelezwa. Kulikuwa na bendi ndogo, na jembe lenyewe lilikuwa limepakwa rangi ya dhahabu, na Bi Siwatu alimkabidhi kwa mikono miwili akisema kwamba kuanzia leo yeye si mgeni tena, ni mtu wa nyumbani.

"Nashukuru, Mheshimiwa," akasema Bwana Kitojo. "Ila Ijumaa namwozesha binti yangu. Nilitaka kuomba ruhusa..."

"Ruhusa?" Bi Siwatu akacheka kwa upendo. "Anayeaga ni mgeni, mwanangu. Mtu wa nyumbani anamuaga nani?"

Bwana Kitojo akabaki na jembe lake. Methali inasema mgeni apewe. Haikusema alirudishe lini, wala alirudishe kwa nani. Usiku ule aliliegemeza ukutani, akalala akilitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aje aliogopa kweli kweli. Alimfikiria Mwanahawa amekaa ndani ya ukumbi wa wanawake, hina mikononi, anasikiliza kama gari la baba limefika. Alipokuwa mdogo mtoto yule hakuwa analala mpaka asikie komeo la mlango, ajue baba amerudi.

Alhamisi mchana walimwita kula na mawaziri. Sinia kubwa, wali wa nazi, samaki wa kupaka. Wakakaa mkekani, wakakunja mikono ya nguo zao, wakala. Hakuna aliyesema neno, kwa kuwa juu ya chakula hakusemwi mambo. Chakula kikaisha, bado hawakusema, kwa kuwa maji hayajaja. Waziri wa Fedha alionekana wazi kuwa ana jambo kooni. Alifungua mdomo, akaangalia vidole vyake vyenye wali, akaufunga. Bi Siwatu alikaa pembeni na birika lake, anatabasamu. Walikaa vile mpaka wali ukawakaukia vidoleni.

Hapo ndipo Bwana Kitojo alipoona njia. Ilimjia nzima nzima, kama mtu aliyekumbuka alikoweka ufunguo. Walipoachiwa alikimbilia chumbani akaandika bila kufuta.

Baraza la Ushauri, aliandika, litaketi juu ya sinia, kama ilivyo mila ya wakarimu. Halitaketi likiwa na upungufu wa mjumbe hata mmoja, ili sauti zote ziwemo. Mjumbe atakuwa na uhuru kamili wa kumwambia Mwenye Nyumba jambo lolote, bila woga na bila kuficha, mara tu baada ya kunawa. Maji ya kunawa yataitwa na Mwenye Nyumba. Na mjumbe atakayesema kabla ya kunawa hataadhibiwa kwa namna yoyote, isipokuwa ataanza kula upya.

Akaisoma tena. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alipoona hivyo aliona haya, uso ukamwaka moto. Kisha akaangalia lile jembe, akaipeleka.

Bi Siwatu alisoma mara mbili. Alipovua miwani macho yake yalikuwa na machozi.

"Uhuru kamili," akasema. "Bila woga. Wafadhili watatupenda hapa, mwanangu. Na hili la kuanza upya, si hata adhabu. Ni ukarimu juu ya ukarimu."

"Basi naweza kwenda, Mheshimiwa?"

"Uondoke kesho tunazindua? Kaa uone kazi ya mikono yako. Tunaanza saa sita, saa nane kila mtu yuko kwake."

*

Ijumaa ukumbi ulipambwa makuti na maua. Wajumbe walikuwa wamepatikana kwa haraka: jenerali mstaafu, mwenye kiwanda cha saruji, na wengineo, na Profesa Kasanda, mzee aliyewahi kuandika kitabu kizima juu ya haki za raia, na ambaye sasa alikuwa amekonda mpaka saa yake inamzunguka mkononi. Walikaa kuzunguka sinia. Nafasi moja ilikuwa wazi. Mjumbe wa kumi na mbili alipopewa habari za uteuzi alianguka ghafla, na madaktari walisema ataendelea kuanguka kila akiinuliwa.

Bi Siwatu akamgeukia Bwana Kitojo aliyesimama karibu na mlango, kanzu ya harusi aliyotumiwa na mkewe tayari mwilini, kofia mkononi.

"Mwanangu, si umeandika mwenyewe kwamba halikai likiwa pungufu?"

"Mheshimiwa, mimi ni mwandishi tu."

"Utaonja tu. Tonge moja. Mtukufu anangoja."

Mtukufu alikuwa kweli anangoja, ameketi kwenye zulia lake, anawatazama wajumbe wake kama mtoto anayetazama zawadi ambayo bado haijafunguliwa. Bwana Kitojo akaketi. Akaonja tonge moja. Ilikuwa biriani, na ilikuwa tamu, na tangu hapo mkono wake wa kulia haukuwa wake tena.

Saa nane ikapita. Sinia iliongezwa. Watu wakala taratibu, kisha taratibu zaidi. Mwenye Nyumba alikuwa anawatazama kwa zamu.

"Hakuna mwenye neno?" akauliza.

Wajumbe wakatazama vidole vyao. Alikuwa amesahau kwamba hajaita maji, na kumkumbusha kungekuwa kumshauri. Profesa Kasanda aliinua macho, midomo ikamcheza, akatia tonge. Mwadhini wa alasiri akaadhini mbali, nje ya ukuta.

Muda mrefu baadaye watu walikuwa bado wanatafuna pale mlango ulipofunguliwa kidogo, na shemeji yake Bwana Kitojo, Nassibu, akasukumwa ndani na askari. Kanzu yake ilikuwa imelowa jasho. Bi Mwanaisha alijua kwamba nyumba ya watu haiendwi mikono mitupu, kwa hiyo alimtuma na sufuria la pilau ya harusi, na ni sufuria hilo lililompitisha getini. Askari walilipokea, wakaenda nalo jikoni.

Nassibu akapiga magoti kizingitini. "Shikamoo, Mtukufu. Naomba radhi, nina neno na shemeji yangu." Kisha akageuka. "Shemeji, watu wamekaa msikitini tangu sala iishe. Sheikh anasema walii yuko hai, yuko mjini, hawezi kumruka. Si lazima uje. Nipe uwakili tu, niisikie kauli yako kwa masikio yangu, nikamwozeshe. Mwanahawa analia."

Bwana Kitojo akamtazama Bi Siwatu. Bi Siwatu akatikisa kichwa polepole, kwa huruma, mkono juu ya birika. Kuna sentensi moja tu aliyohitaji kuisema, na kifungu cha kuizuia alikiandika yeye mwenyewe, na kilikuwa hakina mwanya, maana alikuwa fundi. Jaribu la kuitikia kwa kichwa lilimjia. Lakini uwakili wa ndoa hautolewi kwa kichwa; unatolewa kwa ulimi.

Akaangalia wali vidoleni mwake. Akameza kilichokuwa mdomoni, maana hata hapo adabu haikumtoka.

"Nassibu," akasema. "Nimekupa uwakili umwozeshe binti yangu Mwanahawa kwa Idarusi, kwa mahari waliyokubaliana. Mwambie mwanangu baba yake ameridhia. Nenda, kimbia."

Nassibu akainuka, akakimbia. Viatu vyake vilisikika vikipiga sakafu mpaka ua, mpaka bustani, mpaka getini, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu yeye hakuwa amekula.

Ukumbini hakuna aliyetafuna. Jenerali alikuwa amefumba macho. Bi Siwatu akasema kwa upole, "Mwanangu, unakijua kifungu."

"Nakijua, Mheshimiwa."

Lakini Mwenye Nyumba alikuwa ameinuka kwenye zulia lake. "Ngoja," akasema. "Huyu mtu amesema. Mbele yangu. Neno ambalo hakuna aliyemwandikia." Akawageukia mawaziri waliojipanga ukutani. "Mmesikia? Mimi miaka yote natafuta mtu kama huyu." Akamwendea Bwana Kitojo, akamwekea mkono begani, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. "Wewe utakuwa mwenyekiti. Wewe hutaondoka hapa maisha."

Makofi yakapigwa. Jioni ile ile redio ya taifa ilitangaza kwamba baraza limeanza kazi kwa mafanikio, na kwamba mjumbe mmoja ametumia uhuru wake kamili.

Sinia mpya ikaletwa, kwa ajili yake peke yake, kama kifungu kinavyotaka. Jikoni hawakuwa wamebakiwa na biriani. Walipakua pilau iliyokuwa kwenye sufuria lililoletwa getini. Bwana Kitojo aliijua kabla haijawekwa chini. Aliijua kwa bizari, na kwa viazi vilivyoachwa vizima, na kwa vitunguu vilivyoungua kidogo, kama Bi Mwanaisha anavyoviunguza siku zote akiwa na haraka. Profesa Kasanda aliyekuwa jirani yake alinyoosha mkono, akakisogeza kipande cha nyama kilichonona upande wa mwenzake, bila kumtazama.

Bwana Kitojo akahesabu moyoni: Nassibu atakuwa amefika barabara kubwa, amepita sokoni, anavua viatu mlangoni pa msikiti. Sasa amekaa mbele ya sheikh. Sasa ameshika mkono wa bwana harusi. Akangoja mpaka alipoona wameshamaliza. Kisha akaikunja mikono ya kanzu yake, akasema bismillahi, akala taratibu, kuanzia upande wake wa sinia, maana pilau ya harusi ya mwanao hailiwi kwa haraka.